Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Habari za Waslavi, Kitabu cha Padre Helmold wa Bosau

Hiki ni kitabu gani?

Ni tarihi ya Kilatini iliyoandikwa kati ya mwaka 1163 na 1172 hivi. Jina lake la asili ni Chronica Slavorum. Inasimulia jinsi Waslavi waliokuwa wakiishi kati ya mto Elbe na bahari ya Baltiki, sehemu ambayo leo ni kaskazini mwa Ujerumani, walivyoingizwa katika Ukristo: kwa mahubiri, kwa mapatano ya wakubwa, kwa kodi na, mara nyingi kuliko wahubiri walivyopenda kukiri, kwa upanga.

Masimulizi yanaanzia enzi za Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, lakini msomaji asiye na subira anaweza kuziruka karne za mwanzo. Sehemu hiyo Helmold aliichota kwa kiasi kikubwa kutoka kwa Adam wa Bremen, mwanahistoria wa Kanisa aliyeandika karibu miaka 100 kabla yake. Utamu unaanza anapofikia mambo aliyoyaona kwa macho yake au aliyosimuliwa na wazee wa Holstein, nchi ya Wasaksoni iliyo kaskazini mwa Elbe.

Helmold alikuwa nani?

Padre Msaksoni, yaani Mjerumani wa Saksonia, aliyezaliwa karibu na mwaka 1120. Alikulia karibu na Segeberg, mpakani hasa mwa Wasaksoni na Waslavi, akasomea Braunschweig chini ya mwalimu Gerold ambaye baadaye alikuja kuwa askofu wake. Kuanzia mwaka 1156 hivi alikuwa paroko wa Bosau, kijiji kilicho kando ya ziwa Plön. Hakuwa mtu wa ikulu wala mwanazuoni mashuhuri. Alikuwa padre wa kijijini mwenye masikio makubwa, na kitabu chake kinaonyesha hivyo: bei, zaka, ugomvi wa mipaka, baridi ya Januari, chakula kilichokuwa mezani. Mara ya mwisho kumwona katika nyaraka ni mwaka 1177.

Waslavi hawa ndio Warusi na Wapoland?

Ni ndugu zao, lakini si wao. Wajerumani waliwaita Wawendi. Katika kitabu utakutana na Wawagri upande wa magharibi wakiwa na ngome yao Oldenburg, Wapolabi wa Ratzeburg, Waobodriti wa Mecklenburg, Walutici upande wa mashariki, na Warani wa kisiwa cha Rügen ambao kila mtu aliwaogopa. Hiyo Oldenburg ni ile ya Holstein, si mji mwingine wenye jina hilo ulioko magharibi zaidi.

Hawakuwa chini ya mfalme mmoja. Kila kundi lilikuwa na mtawala wake, miungu yake na maadui zake, na maadui hao mara nyingi walikuwa Waslavi wenzao. Ukikosa kulishika hilo utapotea njiani, maana katika ukurasa mmoja Waobodriti wanapigana bega kwa bega na Wasaksoni dhidi ya Walutici, na ukurasa unaofuata wanazichoma parokia za Wasaksoni haohao.

Kwa nini Ukristo ulichukua zaidi ya miaka 200 kushika mizizi?

Helmold mwenyewe ana jibu, na linashangaza kutoka kwa mtu wa Kanisa: uroho wa Wasaksoni. Analirudia mara nyingi mno hata huwezi kulipuuza.

Jimbo la Oldenburg lilianzishwa zama za Otto I, mfalme wa Wajerumani, katika karne ya 10. Kila plau, yaani jembe la kukokotwa na mnyama, ya Mslavi ilidaiwa kipimo cha nafaka kwa ajili ya askofu, pamoja na mafungu 40 ya kitani na sarafu 12 za fedha safi, na sarafu moja zaidi ya kumlipa mkusanyaji. Hiyo ni ya askofu peke yake. Mtawala wa Saksonia naye alikuwa na madai yake, na wasaidizi wake yao.

Mwaka 983 Waslavi waliasi na kuharibu Havelberg na Brandenburg. Helmold anauweka uasi huo katika wakati usio wake, lakini anatupa kisa ambacho wasomaji wake hawakukisahau. Mtawala mmoja wa Kislavi, Mstivoj, alikuwa amechumbia ndugu wa mtawala wa Saksonia, akapeleka wapanda farasi 1,000 vitani Italia, wakafia huko karibu wote. Aliporudi kudai mke aliyeahidiwa, bwana mmoja wa mpakani aliyeitwa Dietrich alisema kwamba binti wa ukoo ule hawezi kupewa mbwa. Mstivoj akajibu kwamba kama wao ni mbwa, basi watu wajiandae kuumwa. Katika Oldenburg, mapadre 60 waliuawa.

Wimbi la pili lilikuja mwaka 1066. Gottschalk, mtawala wa Waobodriti, alikuwa Mkristo mwenye bidii kiasi kwamba alikuwa akisimama kanisani na kuwafafanulia watu wake kwa Kislavi yale ambayo mapadre waliyasema wasieleweke. Watu wake wakamuua huko Lenzen. Askofu mzee Johannes wa Mecklenburg alikatwa kichwa, na kichwa chake kikatolewa sadaka kwa mungu Redigast katika hekalu la Rethra. Akafuata Kruto, mpagani, aliyetawala kwa miaka mingi hadi Heinrich, mtoto wa Gottschalk, alipomuua akisaidiwa na Slavina, mke wa Kruto mwenyewe. Helmold anakisimulia kisa hicho bila kumlaani mke yule hata kidogo.

Vicelin alifanya nini hadi akasifiwa hivyo?

Vicelin ndiye shujaa wa kitabu. Alifika nchi hizo mwaka 1126, akaweka kituo chake Faldera, yaani Neumünster ya leo, kwa watu ambao walikuwa Wakristo kwa jina tu huku wakiendelea kuheshimu vichaka na chemchemi. Hao walikuwa Wasaksoni, si Waslavi. Alihubiri, akafundisha, akajenga, akaona kazi yake ikichomwa, akajenga tena.

Mwaka 1149 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Oldenburg, jimbo ambalo halikuwa na askofu kwa zaidi ya miaka 80. Hapo ndipo siasa zilipombana. Heinrich aliyeitwa Simba, mtawala wa Saksonia, alitaka askofu apokee fimbo ya uaskofu mkononi mwake, haki ambayo kwa desturi ilikuwa ya mfalme. Askofu mkuu wa Bremen alipinga. Vicelin alikaa akiyumba kati ya wakubwa hao wawili bila mapato, kisha mwaka 1150 akakubali. Malipo ya kukubali kwake yalikuwa pamoja na kijiji cha Bosau. Ndiyo, kilekile ambacho Helmold alikuja kuwa paroko wake: mkate wa mwandishi wetu ulitokana na mapatano hayo, nasi tukisoma anavyoyatetea ni vizuri tulikumbuke hilo. Muda mfupi baadaye Vicelin alipooza, akapoteza uwezo wa kusema, akafariki tarehe 12 Desemba 1154.

Ni kweli kulikuwa na vita vya msalaba dhidi ya Waslavi?

Kweli kabisa, mwaka 1147. Wakati wafalme wa Ulaya wakielekea Yerusalemu, mabwana wa Saksonia walisema wapagani wa jirani zao wanatosha. Bernard wa Clairvaux, abati na mhubiri mashuhuri, aliwaunga mkono na Papa Eugenius III akatoa idhini.

Niklot, mtawala wa Waobodriti, alikuwa na mapatano ya urafiki na Adolf II, bwana wa Holstein. Alipoona majeshi yanakusanyika alimwomba rafiki yake wakutane. Adolf akakataa kwa kuogopa mabwana wenzake. Niklot akamkumbusha kwamba alikuwa jicho lake na sikio lake katika nchi ya Waslavi, kisha akapiga kwanza: akaishambulia bandari ya Lübeck siku ya sikukuu, watu wakiwa wamelewa, akachoma meli zilizojaa bidhaa.

Vita vyenyewe viliishia kwa aibu. Ngome za Dobin na Demmin zilizingirwa, lakini baada ya muda askari Wasaksoni walianza kuulizana: hii nchi tunayoiharibu si yetu? Hawa tunaowaua si watu wetu? Mbona tunateketeza kodi zetu wenyewe? Mwishowe Waslavi waliahidi kubatizwa na kuwaachia mateka wa Kidenmaki. Wakabatizwa kwa uongo, anasema Helmold, na wakawaachia wazee na wasiofaa huku wakibaki na wenye nguvu.

Kuhusu misafara ya baadaye ya Heinrich Simba, anaandika kwamba Ukristo haukutajwa kabisa, ilitajwa fedha tu. Sentensi hiyo imenukuliwa na wanahistoria wengi, na inastahili.

Ni sehemu gani ya kitabu nisome kama nina saa moja tu?

Ziara ya Askofu Gerold, aliyemrithi Vicelin, katika nchi ya Wawagri, mwanzoni mwa mwaka 1156. Helmold alikuwemo msafarani, na kila mstari unaonyesha.

Walifika Oldenburg sikukuu ya Epifania. Mji ulikuwa umeachwa ukiwa, hauna kuta wala wakazi, isipokuwa kanisa dogo lililojengwa na Vicelin. Waliadhimisha misa katika baridi kali, kati ya malundo ya theluji. Waslavi waliohudhuria walikuwa wachache, pamoja na mtawala wao Pribislav. Baada ya misa Pribislav aliwaalika nyumbani kwake, na meza waliyoandaliwa ilijaa vyakula vya aina 20. Helmold anakiri kwamba hapo alijionea mwenyewe kile ambacho zamani alikisikia tu: hakuna watu wakarimu kuliko Waslavi.

Kisha wakaingia msituni. Kati ya miti mizee kulikuwa na mialoni mitakatifu ya mungu Prove, imezungushiwa ua wa mbao wenye malango mawili. Hapo watu wa nchi nzima walikuwa wakikutana kila Jumatatu pamoja na mtawala na kuhani wao ili kuamua kesi. Hata adui aliyekimbilia ndani ya ua hakuguswa. Askofu alishuka farasini, akashika gongo na kuvunja mapambo ya malango. Wenzake wakaingia, wakaung'oa ua, wakaulundika kuizunguka mialoni na kuutia moto, huku wakiwa na hofu ya kuvamiwa. Hakuna aliyewavamia.

Jumapili iliyofuata watu wakakusanyika Lübeck. Askofu akawahubiria waache sanamu, uharamia na mauaji ya Wakristo. Pribislav akainuka kujibu, na jibu lake ndilo linalokifanya kitabu hiki kisomwe mpaka leo. Alisema, kwa kifupi: mabwana zenu wanatubana kwa kodi na utumwa mzito hata kifo ni afadhali. Mwaka huu sisi wa pembe hii ndogo tumemlipa mtawala wa Saksonia marki 1,000 za fedha, na mamia kadhaa tena kwa bwana wa Holstein, na bado tunakamuliwa. Tutajengaje makanisa na kubatizwa ilhali kila siku tunafikiria kukimbia? Na tukimbilie wapi? Ng'ambo ya mto Trave mambo ni yaleyale, na kwenye mto Peene ni yaleyale. Limebaki nini ila kuingia baharini na kuishi juu ya mawimbi? Na tukifukuzwa nchi kavu tukawapora Wadenmaki na wafanyabiashara, kosa ni la nani?

Gerold akajibu kwamba si ajabu mabwana kuwatendea hivyo watu wasio na Mungu. Pribislav akamkamata hapohapo: basi tupeni haki za mali na mapato walizo nazo Wasaksoni, nasi tutakuwa Wakristo kwa furaha, tutajenga makanisa na kulipa fungu la kumi.

Walipewa haki hizo?

Hapana.

Niklot naye alisema nini?

Katika mkutano huko Artlenburg, Heinrich Simba aliwahimiza Waslavi waongoke. Niklot akamwambia: Mungu aliye mbinguni na awe mungu wako, wewe uwe mungu wetu, inatutosha. Mwabudu yeye, sisi tutakuabudu wewe. Heinrich alimkemea kwa kufuru hiyo. Mimi sisomi unyenyekevu katika maneno hayo, nasoma kejeli ya mzee aliyechoka. Kuna wanaoyasoma kama siasa ya kawaida ya mtu anayetaka kuachwa na desturi zake. Niklot aliuawa mwaka 1160 alipotoka ngome ya Werle kupambana na Wasaksoni.

Waslavi hao waliabudu nini hasa?

Kwa mujibu wa Helmold, walikuwa na aina nyingi za ibada. Prove alikuwa wa Oldenburg na hakuwa na sanamu. Siwa alikuwa mungu wa kike wa Wapolabi, Redigast wa Waobodriti, na Plön kulikuwa na sanamu ya Podaga. Juu ya wote alikuwepo Svantevit wa Rügen, ambaye uaguzi wake uliaminiwa na makabila mengine pia, na kuhani wake aliheshimiwa kuliko mfalme. Tena wote, anasema, walikiri kwamba kuna mungu mmoja mbinguni anayewatawala wengine, ila yeye anashughulika na ya mbinguni tu na miungu midogo imegawiwa kazi za duniani.

Karamuni walizungusha bakuli, kila mmoja akinuia maneno juu yake kwa jina la mungu mwema na mungu mbaya. Huyo mbaya walimwita Chernobog, yaani mungu mweusi. Hapa pana jambo linalowasumbua wengi: mitandaoni utasoma habari za Belobog, mungu mweupe, eti kutoka kwa Helmold. Hayumo. Jina hilo ni la waandishi waliokuja karne nyingi baadaye.

Je, Helmold aliwachukia Waslavi?

Alichukia dini yao na aliogopa uharamia wao, lakini hakuweza kuficha jinsi alivyowastahi. Kwao, anasema, hapakuonekana mhitaji wala ombaomba, kwa sababu mgonjwa na mzee walikabidhiwa kwa jamaa yao awatunze. Mgeni hakuhitaji kuomba pa kulala. Mtu aliyemkatalia mgeni iliruhusiwa nyumba yake kuchomwa moto. Ukarimu huo ulikuwa na upande wake wa kuchekesha: walikuwa na msemo kwamba ulichoiba usiku, kesho utawagawia wageni.

Upande wa pili wapo Wasaksoni wa Holstein, Wakristo wa siku nyingi, ambao Askofu Gerold alipowadai fungu la kumi kamili walijibu kwamba kamwe hawatainamisha shingo zao chini ya hali hiyo ya kitumwa. Sijui kama Helmold aliona jinsi jibu hilo linavyofanana na malalamiko ya Pribislav. Amelieleza kwa ukali tu, akaendelea.

Rügen ilianguka vipi?

Mwaka 1168 Valdemar I wa Denmark, akiwa na Absalon, askofu wa Roskilde, aliivamia. Sanamu ya Svantevit ilifungwa kamba shingoni, ikaburutwa katikati ya jeshi mbele ya macho ya Waslavi, ikakatwakatwa na kutiwa motoni. Jaromar, mtawala wa kisiwa, alibatizwa na akawa mhubiri mwenyewe.

Helmold anadai kwamba Svantevit si mwingine ila Mtakatifu Vitus: watawa wa Corvey, monasteri ya Saksonia, waliihubiri Rügen zamani, watu wakarudi nyuma na kumgeuza mtakatifu kuwa mungu. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Corvey ilikuwa na madai ya umiliki juu ya kisiwa hicho, na hadithi kama hiyo ilikuwa na faida kwake.

Kwa habari za kina za kuanguka kwa Arkona, ngome ya Rügen yenye hekalu la Svantevit, msome Saxo Grammaticus, mwanahistoria Mdenmaki. Helmold hakuwepo huko. Ila ana kisa kimoja ambacho ni chake: Novemba moja, wafanyabiashara Wakristo walikuwa Rügen kwa ajili ya samaki wa heringi, wakiwa na padre wao kutoka Bardowick. Kuhani wa kisiwa akatangaza kwamba mungu ameudhika na anataka damu ya padre huyo. Wafanyabiashara wakapakia samaki, wakatweka tanga usiku na kutoweka naye.

Baada ya hapo Waslavi walikwenda wapi?

Wengine waliuawa, wengine wakahama, wengi walibaki na polepole wakawa Wajerumani. Tangu mwaka 1143 Adolf II alikuwa ameita walowezi kutoka Flanders, Uholanzi, Westphalia na Frisia, akiwaahidi ardhi pana yenye samaki, nyama na malisho. Mwaka huohuo ndipo alipoanzisha Lübeck mpya. Mwishoni mwa kitabu Helmold anaandika kwamba nchi yote ya Waslavi imegeuzwa kuwa kama koloni moja la Wasaksoni. Anaandika kwa kuridhika, kama mtu anayefunga hesabu.

Lugha ya Kipolabi iliendelea kusemwa na wakulima wachache karibu na Elbe hadi karne ya 18. Majina ya miji yamebaki: Lübeck, Schwerin, Rostock na Güstrow yote yana asili ya Kislavi.

Na ukoo wa Niklot haukutoweka. Mtoto wake, Pribislav mwingine, asichanganywe na yule wa Wawagri, alirudishiwa sehemu kubwa ya nchi ya baba yake mwaka 1167 akiwa Mkristo. Wazao wake waliitawala Mecklenburg hadi mwaka 1918. Mmoja wao ameacha nyayo hata huku kwetu: Adolf Friedrich wa Mecklenburg, aliyeongoza msafara wa uchunguzi wa mwaka 1907 na 1908 kupitia Bukoba na Rwanda hadi Congo, kisha akawa gavana wa mwisho wa Wajerumani huko Togo. Mzao wa mpagani aliyekataa ubatizo wa mabwana wa Kijerumani alikuja Afrika akiwa bwana wa Kijerumani.

Niamini kiasi gani ninachosoma humo?

Miaka ya kabla ya 1100, kwa tahadhari: tarehe zimechanganyika na visa vimepita midomo mingi. Kuanzia Vicelin na kuendelea, Helmold ni shahidi wa karibu na bila yeye tungekuwa gizani. Lakini kumbuka anaandika kwa ajili ya makanoni, yaani mapadre wa kanisa kuu, wa Lübeck, mahali ambapo makao ya jimbo yalihamishiwa mwaka 1160, na ana hamu ya kuthibitisha haki na mali za jimbo hilo. Hotuba za Pribislav na Niklot hazikuandikwa papo hapo. Ni Kilatini cha padre kilichotungwa miaka kadhaa baadaye, kwa mtindo wa waandishi wa enzi zile. Hata hivyo, ni vigumu kuona kwa nini padre atunge hoja nzuri hivyo kumpa mpagani kama hakusikia kitu cha namna hiyo.

Naweza kukisoma kwa lugha gani?

Kilatini chake kimechapishwa mara nyingi na si kigumu kwa aliyezoea Biblia ya Kilatini. Kuna tafsiri ya Kijerumani, na ile ya Kiingereza ya Francis Joseph Tschan ilitoka mwaka 1935. Ukikipata, anza na ziara ya Gerold, rudi kwa Vicelin, kisha vita vya 1147.

Kuna kitu cha kuona Bosau leo?

Kanisa la Mtakatifu Petro, lililoanzishwa na Vicelin karibu na mwaka 1151, bado limesimama kando ya ziwa. Gerold alifariki kijijini hapo mwaka 1163.

Nani aliendelea pale Helmold alipoishia?

Arnold, abati wa monasteri ya Lübeck, aliyeifikisha simulizi hadi mwaka 1209. Ila Arnold anatazama mbali zaidi, hadi Yerusalemu na Konstantinopoli, na Waslavi kwake ni wachache.